NYUMBA MOJA NA WALINZI WAKE
Habari za Chumba Alichozaliwa Daktari Livingstone, na Mafundisho Yake kwa Dayosisi Yetu

Kamati ya jubili ilituagiza sisi makatekista tuandike maneno machache juu ya utunzaji wa nyumba za kale. Sababu yake yajulikana na wote. Nyumba ya kwanza ya misheni yetu, ile ya mawe na chokaa iliyo chini ya miembe, imekwisha kuachwa na mapadre, na katika mwaka huu wa jubili funguo zake zatoka mikononi mwa parokia na kuingia mikononi mwa kamati, ili iwe nyumba ya ukumbusho. Wapo wasemao ya kuwa kazi hiyo ni nyepesi: yatosha kuziba paa, kupaka chokaa mpya, na kutundika picha za mapadre wa kwanza ukutani. Sisi twaona kwamba iko kazi nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kuamua mgeni akiingia mle ataambiwa nini, na atatajiwa majina ya nani.

Jambo hili hatukulipata katika vitabu tu. Wawili kati yetu tulialikwa na Wakristo wa Uskoti kuwazuru, nao wakatupeleka kuiona nyumba ambayo imebadilisha walinzi mara kwa mara tangu ilipofanywa makumbusho, na kila walinzi walipobadilika, mgeni naye alisikia habari kwa namna nyingine. Basi, tumeona vema tuwasimulie habari za nyumba hiyo kwanza, kisha turudi kwetu chini ya miembe.

Blantyre ya kwanza

Wasomaji wengi wajua mji wa Blantyre ulioko Malawi. Mji huo ulianzishwa na wamisionari wa Uskoti mwaka 1876, nao wakaupa jina la kijiji cha kwao alichozaliwa Daktari David Livingstone. Blantyre ya kwanza, basi, iko Uskoti, kando ya mto Clyde, nayo si mbali na mji mkubwa wa Glasgow.

Kijiji kile kilikuwa kijiji cha pamba. Mwaka 1785 David Dale na James Monteith walijenga kiwanda cha kusokota nyuzi pale, kwa kuwa maji ya mto yaliweza kuzungusha mashine. Watenda kazi walijengewa nyumba ndefu za ghorofa karibu na kiwanda. Nyumba moja katika hizo yaitwa Shuttle Row. Walikaa ndani yake jamaa 24, na kila jamaa walikuwa na chumba kimoja tu. Katika chumba kimojawapo alizaliwa David Livingstone, tarehe 19 Machi 1813.

Tulipanda ngazi za mzunguko, nyembamba, tukafika penye mlango wa chumba kile. Urefu wake ni futi 14, na upana wake futi 10. Humo walilala, wakapika, wakala, wakasali na kusoma baba, mama, na watoto watano waliopona kati ya saba waliozaliwa. Baba, Neil Livingstone, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili. Mama yake aliitwa Agnes. Tulisimama kimya mlangoni, tukapima kwa macho. Mwenzangu akaninong'oneza, akasema, "Chumba hiki ni kidogo kuliko jiko la shule yetu." Naam, ndivyo kilivyo. Tulikuwa tumekwisha kusikia tangu utoto wetu habari za Mzungu mkubwa aliyekuja Afrika, wala hapana aliyetuambia ya kuwa alitoka katika umaskini wa namna ile.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika, akipita chini na kando ya mashine zinazozunguka. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku. Kisha akaenda shule ya usiku hata saa 4. Katika mshahara wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na baadaye alizoea kuweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Mwaka 1836 akaenda Glasgow kusoma uganga, na mwezi wa Desemba 1840 akapanda meli kuja Afrika ya Kusini.

Tulipokuwa tukitazama habari za kiwanda, mwenzangu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiri. Akasema, "Pamba haioti katika nchi hii ya baridi. Basi, ilitoka wapi?" Jawabu lake ni zito. Katika miaka ile pamba nyingi iliyosokotwa Uingereza na Uskoti ilitoka katika mashamba ya Marekani na visiwa vya Karibi, nayo ililimwa na kuchumwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Waingereza ilipitishwa mwaka 1833, na katika Marekani utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Kwa hiyo mtoto yule maskini aliyeunga nyuzi usiku na mchana, ambaye baadaye alipaza sauti juu ya biashara ya watumwa katika nchi zetu, alipata mkate wake wa utotoni kwa pamba ya watumwa. Hilo halimpunguzii heshima. Lakini mgeni asiyeambiwa hilo ametoka katika nyumba ile na nusu ya habari.

Walinzi wa kwanza

Kiwanda kilifungwa mwaka 1904. Nyumba za watenda kazi zikachakaa, nyingine zikabomolewa, na Shuttle Row nayo ikawa karibu kuangushwa. Ndipo wakatokea watu walioona haya kuiacha ipotee. Kiongozi wao alikuwa mchungaji James Macnair. Wakakusanya fedha kwa michango ya watu wengi, wakainunua, wakamwita fundi wa majengo Frank Mears aitengeneze, wakaiweka chini ya wadhamini. Mwaka 1929 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Walinzi hao wa kwanza walikuwa watu wa kanisa, na waliyotaka mgeni ayaone yalikuwa mambo ya imani: mtoto maskini, mwenye bidii na ucha Mungu, akawa mjumbe wa Injili na msafiri mkubwa. Wakamtaka mchongaji Pilkington Jackson afanye sanamu za matukio manane ya maisha yake, zikawekwa ndani mfano wa vituo, mgeni apite toka kimoja hata kingine, ajifunze.

Siku ile tulikutana humo na bibi mmoja wa nchi ile, mwenye umri mkubwa, aliyekuja na wajukuu wake. Alipojua tumetoka Afrika ya Mashariki akafurahi, akaketi nasi, akatusimulia. Alisema ya kuwa alifika mara ya kwanza akiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Walikuja wengi pamoja na walimu wao, na vikapu vya mikate, wakacheza kando ya mto, kisha wakaingia ndani kwa utaratibu, kama waingiavyo kanisani. "Nilitoka siku ile," akasema, "nikiazimu kusoma kwa bidii, maana niliona kitabu kikisomwa juu ya mashine. Lakini kama mngaliniuliza jina la mtu yeyote mwingine aliyekuwamo katika habari ile, nisingaliweza kuwajibu."

Maneno hayo tuliyatia moyoni. Hatupendi kuwalaumu walinzi wa kwanza. Kama si wao, leo pale pangekuwa na majani matupu, na hakuna mtu angeweza kusahihisha habari za nyumba isiyokuwapo. Tena walimpa mtoto yule kilichomfaa maishani mwake mwote. Lakini ni kweli pia ya kuwa walisimulia habari za watu wengi kana kwamba ni habari za mtu mmoja.

Walinzi waliofuata

Miaka ilipopita, nguvu za wadhamini zilipungua, kama zipunguavyo nguvu za vyama vyote vinavyotegemea sadaka. Mwaka 1999 chama kikubwa kitunzacho majengo ya kale katika nchi ile, National Trust for Scotland, kikaingia katika uendeshaji wake. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa. Nyumba iliyokuwa kama mahali pa hija ikawa moja katika majumba na majumba yatunzwayo na chama kimoja, pamoja na ngome na nyumba za mabwana wakubwa. Bibi yule alisema alifika tena katika miaka hiyo, na wageni aliowakuta wengi wao hawakuwa watu wa kanisa. Walikuwa wasafiri waliotaka kuona mambo ya kale, na watoto wa shule waliojifunza historia.

Kisha uendeshaji ukarudi mikononi mwa wadhamini wenyewe. Mwaka 2017 nyumba ikafungwa ili itengenezwe upya, kwa gharama ya paundi milioni 9.1 zilizotolewa na mifuko ya kutunza mambo ya kale, serikali ya Uskoti na wengineo. Tarehe 28 Julai 2021 ikafunguliwa tena, na jina lake sasa ni Makumbusho ya Mahali Alipozaliwa David Livingstone.

Jambo lililotupendeza ni hili. Walinzi wapya hawakuzitupa sanamu za Pilkington Jackson, ingawa zimechongwa kwa mawazo ya zamani. Walizisafisha na kuzitengeneza. Lakini wakamwomba mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, aandike maneno mapya ya kufuatana nazo. Mwanamke huyo ndiye aliyetoa mwaka 2019 kitabu cha hadithi juu ya safari ya maiti ya Livingstone, kikisimuliwa na Halima, mpishi wa msafara, na Jacob Wainwright, msomi wa msafara. Hivyo sanamu ni zile zile, na mgeni azitazama kama babu zake walivyozitazama, ila sauti imsimuliayo yatoka Afrika.

Si wageni wote wapendezwao. Bibi yule alituambia wazi, kwa upole, ya kuwa moyo wake haukutulia. Alisema, "Nilipokuwa mtoto nilipewa shujaa. Sasa naona kama wamempunguza." Mwenzangu naye, kwa upande wake, alikuwa na uchungu wa namna nyingine, alisema, "Bibi, sisi twauliza kwa nini majina ya watu wetu yamechelewa namna hii." Wakatazamana. Nasi tukaogopa kidogo ya kwamba mazungumzo yataharibika. Lakini bibi akamwuliza, "Watu wenu ni akina nani? Nitajie." Mwenzangu akaanza kuwataja, na wajukuu wakasogea karibu kusikiliza.

Majina aliyoyataja mwenzangu

Wasomaji wetu na wayasikie pia, maana safari ile ilipita katika nchi yetu na kuishia katika pwani yetu.

Livingstone alikutana na Henry Morton Stanley huko Ujiji mwaka 1871. Wakaenda pamoja hata Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Februari 1872. Stanley akarudi pwani, na kutoka Unguja akampelekea Livingstone watu na vitu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Livingstone akaondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo Zambia leo.

Waliokuwa naye wangaliweza kumzika pale, wakaenda zao. Nani angaliwalaumu? Lakini wakafanya shauri wenyewe. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaikausha maiti kwa chumvi na jua, wakaifunga kwa gome la mti na kitambaa, wakaibeba yapata maili 1,500 hata Bagamoyo. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wakaiweka maiti katika misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, na mnara wa kanisa lao la kale ungaliko hata leo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika Westminster Abbey, London.

Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. James Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alifunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie, yaani katika mwanzo kabisa wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Hao wawili walipelekwa Uingereza baadaye, baada ya mazishi, kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone, wakamsaidia Horace Waller kuyatengeneza maandiko ya mwisho ya Livingstone yaliyochapwa mwaka 1874. Mahali pengi Waller asingaliweza kuelewa maandiko yale kama si wao. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, na Susi alikufa huko huko mwaka 1891, baada ya kubatizwa kwa jina la David.

Halima na Ntaoeka walikuwa wanawake wa msafara. Walipika, walibeba, walitembea maili zile zile. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha Uingereza kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa Livingstone, lakini zilipofika wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mtu kwao.

Kitabu cha Jacob Wainwright

Jina la mwisho twaliweka peke yake, kwa sababu ya kitu kilichomo katika nyumba ile.

Jacob Wainwright alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na meli za Waingereza, akapelekwa Bara Hindi, akasomeshwa katika shule ya misheni karibu na Nasik. Alirudi Afrika, akawa mmoja wa watu waliotumwa na Stanley kutoka Unguja. Livingstone alipozikwa moyo wake, Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko, tena ndiye aliyechora maandiko katika gome la mti. Akaongozana na maiti katika meli hata Uingereza, naye alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza siku ya mazishi.

Pamoja na hayo, alikuwa na daftari. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe habari za kifo cha bwana wake na za safari ile. Maandiko hayo ndiyo pekee yajulikanayo leo yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwapo siku zile za kifo. Tafsiri yake kwa Kijerumani ilichapwa mwaka 1874, lakini maandiko yenyewe kama alivyoyaandika hayakutolewa kwa watu wote mpaka mwaka 2019, wataalamu walipoyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Na daftari lenyewe ni mali ya nyumba ile ya Blantyre.

Hebu tufikiri. Mwafrika, mfunguliwa wa utumwani, mwanafunzi wa misheni kama sisi, aliandika habari kwa kalamu yake. Kitabu chake kikafika katika mali ya nyumba alimozaliwa bwana wake. Watoto wa shule za Jumapili walipita miaka mingi katika vyumba vile, wakajua jina moja tu. Hakuna aliyekichoma moto kitabu kile, wala hakuna aliyekificha kwa ubaya. Kilitunzwa vizuri, na kwa hilo twashukuru. Kilichokosekana ni mlinzi wa kuuliza, "Na huyu je, alisema nini?"

Mwenzangu alipomaliza kusimulia hayo, bibi yule alinyamaza kitambo. Kisha akawaambia wajukuu wake, "Haya, tuzunguke tena toka mwanzo." Wakazunguka tena, na sisi pamoja nao. Safari hii yeye ndiye aliyewaonyesha, na kila alipofika penye sanamu akawauliza ni nani tena alikuwapo. Hatukusikia akisema tena ya kuwa shujaa wake amepunguzwa. Labda aliona bado hivyo. Hatujui, wala hatukumwuliza. Lakini alipotuaga alitaka tumwandikie majina yote katika karatasi, tena kwa herufi kubwa, apate kuyasoma vema.

Na sisi, je?

Sasa turudi kwetu.

Katika kanisa kuu la Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, uko msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ule wa Chitambo, uliozikwa moyo wa Livingstone chini yake. Wengi wetu tumeuona. Mti ule ndio Jacob aliouchora. Basi, mambo haya si mageni kwetu; yako katika nyumba zetu wenyewe za ibada.

Nyumba yetu ya chini ya miembe haina umaarufu wa Shuttle Row, lakini nayo imekuwa na walinzi wengi. Kwanza mapadre waliokuja na mahema. Kisha masista walioifanya zahanati. Kisha shule ilichukua vyumba viwili. Kisha ikawa ghala ya mahindi ya parokia, na sote twakumbuka panya wake. Kila mlinzi alifuta kitu na kuongeza kitu. Walioitumia kwa shule walipaka chokaa juu ya maandiko yaliyokuwa ukutani, wala hawakujua kuwa walifuta majina ya wanafunzi wa kwanza. Hatuwalaumu, maana walitaka ukuta safi kwa ajili ya watoto. Lakini majina yale hatunayo tena.

Mapadre waliandika daftari la misheni, nalo tumelisoma lote kwa ajili ya kitabu hiki. Limeandikwa kwa uaminifu. Twasoma siku jiwe la msingi lilipowekwa, idadi ya mizigo ya chokaa, bei ya mabati, homa waliyougua mapadre. Juu ya mawe limeandika neno moja: yaliletwa na watu. Watu gani? Walitoka vijiji gani? Nani aliyechimba kisima? Nani mwanamke aliyempikia padre wa kwanza alipokuwa mgonjwa hata akapona? Wazee wetu wawili watatu wangali wakijua, kwa kuwa walisimuliwa na mama zao. Mmoja wao amezikwa katika Kwaresima iliyopita, naye alikuwa ameahidi kutupa habari za kisima baada ya Pasaka.

Kwa hiyo twaomba kamati mambo matatu, kabla funguo hazijabadilisha mikono.

La kwanza, isitupe kitu cha walinzi waliotangulia kwa sababu kimepitwa na wakati. Picha za mapadre na zitundikwe, na daftari lao liwekwe penye kioo. Waliacha kwao, na wengine makaburi yao yako hapa, nyuma ya kanisa.

La pili, kila mtaa uchague mtu mmoja ajuaye kuandika vizuri, aende kwa wazee sasa hivi, asingoje siku ya sikukuu. Aandike majina ya waliobeba mawe, waliochoma chokaa, waliopika, waliotafsiri mahubiri ya kwanza kwa lugha zetu. Majina ya wanawake yasiachwe. Asiyejulikana jina, na aandikwe kwa kijiji chake au kwa jina la mtoto wake, kama mama zetu wanavyoitwa.

La tatu, majina hayo yote yatiwe katika daftari moja kubwa, liwekwe karibu na mlango, mahali mgeni aonapo kwanza, na nyuma yake ziachwe karatasi nyingi tupu. Maana kamati hii nayo itapita, na walinzi wengine watakuja, nao wataona tuliyoyasahau. Tuwaachie nafasi ya kuandika.

Makatekista tumekwisha kugawana mitaa. Atakayekuwa na habari, hata ikiwa ni neno moja alilolisikia kwa bibi yake, na amwendee katekista wa kwake, au aje kwetu baada ya misa ya Jumapili, nasi tutakuwa tumeketi barazani pa nyumba ile ya kale, na kalamu na karatasi tayari. Mungu awarehemu wote waliotutangulia, wale tuwajuao kwa majina, na wale awajuao Yeye peke yake.